Leo mwezi ngapi? Maji kupwa, maji kujaa na maisha ya pwani yetu

Ukikulia Jambiani, Paje, Bwejuu, Makunduchi au popote upande wa mashariki ya Unguja kuna swali unalisikia kabla hata hujajua kusoma saa: leo mwezi ngapi? Na anayeuliza hana habari na Machi wala Aprili, anataka kujua mwezi wa angani una siku ngapi tangu uandame, maana akishaambiwa mwezi tatu au mwezi kumi na sita basi ameshajua maji yatatoka saa ngapi, yatafika wapi, yatarudi saa ngapi, na kama kesho ni siku ya kuteremka pwani au ni siku ya kubaki barazani kusuka ukili. Kalenda nzima ya kazi iko ndani ya hilo swali. Nimeamua kuliandikia kwa urefu kwa sababu naona vijana wengi wa mjini, na hata wa shamba siku hizi, wanaangalia simu wanaona maji yanajaa saa fulani basi wanaondoka, hawajui kwa nini, na kwenye bahari hiyo kwa nini ndiyo inayomrudisha mtu nyumbani.

Tuanze na wale wasiokulia pwani. Mtu anatoka Mwanza au Kigoma, kazoea ziwa, na ziwa linabaki pale pale lilipo. Hata Ziwa Victoria na ukubwa wake wote, mwezi unalisogeza kiasi kidogo ambacho jicho halikioni. Sasa huyu mtu anafika Paje alasiri anaona bahari imejaa imekaribia minazi, anaamka kesho yake saa nne anatoka nje na bahari haipo, iko kule mbali kwenye mwamba, kilomita nzima na zaidi, katikati ni mchanga, majani, madimbwi na wanawake wameinama. Wengine wanaogopa kabisa, wanadhani kuna jambo baya limetokea, kumbe ni siku ya kawaida tu, ni bamvua, zile siku maji yanapojaa sana na kupwa sana.

Chanzo ni mwezi. Mwezi unavuta dunia, na maji yaliyo upande unaouelekea yanavutwa zaidi kwa vile yako karibu, halafu upande wa pili kabisa wa dunia maji yanavutwa kidogo kuliko dunia yenyewe kwa hiyo nayo yanabaki yametuna, ndiyo maana kwetu bahari inajaa mara mbili na si mara moja kwa siku. Isaac Newton alilieleza hili kwenye kitabu chake cha mwaka 1687, ingawa watu wa pwani, wetu na wa kwengine, walishakuwa wanaufuata mwezi kwa karne nyingi kabla yake. Na kwa vile mwezi nao unatembea wakati dunia inazunguka, siku ya bahari haiko sawa na siku ya saa ya ukutani, inachukua masaa 24 na dakika kama 50. Kutoka maji kujaa mpaka kupwa ni masaa 6 na dakika kidogo, na kila siku mambo yote yanachelewa kwa karibu saa nzima. Leo maji yamepwa saa 4, kesho yatapwa saa 5 kasoro hivi, keshokutwa inakaribia saa 6.

Jua nalo linavuta. Ni kubwa mno lakini liko mbali, kwa hiyo nguvu yake kwenye maji haifiki nusu ya ile ya mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, jua na mwezi wanavuta kwenye mstari mmoja, hapo maji yanajaa sana na kupwa sana, ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, kila mmoja anavuta upande wake, wanapunguziana, maji hayajai ya maana wala hayatoki ya maana, ndiyo maji mafu. Kilele cha bamvua hakiji siku ile ile ya mwezi mpevu, kinachelewa siku moja au mbili, na wavuvi wetu hilo wanalijua vizuri, mtu anakwambia subiri mwezi kumi na sita ndiyo utaona mwamba.

Kwa vipimo, bamvua kubwa ya Unguja, tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyopwa inakaribia mita 4, na maji mafu inaweza ikawa mita 1 tu. Zile kubwa kabisa za mwaka zinakuja Machi na Aprili, halafu tena Septemba na Oktoba. Kuna ghuba moja Kanada, Bay of Fundy, tofauti inafika mita 16, na kuna Mediterania ambako sehemu nyingi hata mtoto haoni kama maji yamesogea, maana mwezi ni ule ule mmoja lakini umbo la bahari na kina chake ndivyo vinavyoamua.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mimi naliona ni la ajabu kuliko yote na sijui kwa nini halisemwi skuli. Kila bandari ina saa yake. Unguja, na Dar na Mombasa hazipishani nayo sana, bamvua inajaa mnamo saa 10, alfajiri na alasiri, na inapwa mnamo saa 4, asubuhi na usiku. Daima. Mwezi huu, mwakani, na wakati wa babu wa babu yangu. Siku mbili tatu baadaye inasogea kidogo lakini bamvua inazaliwa kwenye saa hizo, kwa sababu bamvua inakuja pale mwezi na jua walipojipanga pamoja, kwa hiyo saa ya mwezi na saa ya jua zinakutana kila mara mahali pale pale. Maji mafu ni kinyume chake, yanajaa mnamo saa 4 na kupwa mnamo saa 10.

Tafakari maana yake kwa wanawake wa mashariki ya Unguja. Siku ambazo mwamba unatoka kabisa, siku za kazi kubwa, maji yanapwa asubuhi kweupe, jua limeshapanda, watoto wameshakwenda skuli. Wanateremka kwenye saa 2 wakiyafuata maji yanavyotoka, wanafanya kazi, na maji yakishageuka wanapanda wakiwa mbele yake. Ingekuwa bahari yetu inapwa saa 10 wakati wa bamvua, mara moja ingekuwa kiza cha alfajiri na mara nyengine jioni jua linakimbia kuzama, na sidhani kama ukulima wa mwani ungeshika vile ulivyoshika. Hakuna aliyepanga hili, ni umbo la bahari tu, lakini maisha ya vijiji vizima yamejengwa juu yake.

Na hapo kwenye kupanda mbele ya maji ndipo pa kumfundisha mtoto. Maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Mabaharia wana hesabu yao, tofauti yote ya kupwa na kujaa unaigawa mafungu 12, saa ya kwanza linaingia fungu 1, saa ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Chukua bamvua ya mita 3 na sentimita 60, kila fungu ni sentimita 30, maana yake saa ya kwanza maji yamepanda sentimita 30 tu na mtu anaona kuna muda bado, lakini saa ya tatu peke yake ni sentimita 90 na ya nne sentimita 90 nyengine. Mita 1 na sentimita 80 ndani ya masaa mawili, hiyo ni kimo cha mtu mzima! Na upande wetu yale maji hayaji mbele yako tu, yanazunguka kwanza kwenye mikondo na sehemu za chini, kwa hiyo unaweza ukawa umesimama kwenye fungu la mchanga pakavu kabisa na nyuma yako, kati yako na nyumbani, maji yameshafika kifuani. Wazee wetu hawakutaja mafungu 12 lakini kanuni ilikuwa wazi, maji yakianza kugeuka unaondoka, humalizii pweza uliyemuona, humalizii kamba ya mwani iliyobaki. Bibi alikuwa anaita mara moja tu, "Haya wanangu, maji yanakuja," na hata aliyekuwa kashika mkia wa pweza alikuwa anaacha.

Kwenye Kiingereza mtu akiishiwa nguvu au mambo yake yakimwendea mrama husema yuko kwenye kupwa, yaani kupwa ni kupungua, ni kufifia. Naelewa wanakotoka, maana kwa mtu anayengoja meli ielee maji kupwa ni hasara. Kwetu kupwa ni soko limefunguliwa. Hata jina pwani lenyewe limetoka humo humo kwenye kupwa, mahali panapokauka. Bahari ikijaa ni nzuri kutazama, lakini chakula cha wanawake na watoto wa vijijini kilikuwa kikipatikana pale ilipotoka: pweza, kome, chaza, kaa, vijisamaki vya madimbwini. Mwanamme anakwenda na ngalawa mpaka nje ya mwamba, mwanamke hana ngalawa, ana mchokoo, ile fimbo ya kumtolea pweza, na kikapu, na anajua mwezi ngapi.

Halafu kuna makumbi. Kumbi la nazi linafukiwa kwenye mchanga au tope la pwani pale maji yanapopita yakijaa na kupwa, linawekewa mawe juu, linaachwa miezi, bahari inalainisha ile nyama ya kumbi, kisha linafukuliwa, linapondwa, unatoka usumba, na usumba unasokotwa kamba. Ni kazi ngumu na ina harufu yake ambayo ukiipata popote duniani unajua uko kwenu. Haitaki umeme wala mashine, inataka maji yaje na yaondoke.

Mwani ulianza kulimwa kibiashara Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani ndiyo walioanza, mbegu zikatoka Ufilipino, aina mbili, spinosum na cottonii. Unapigilia vigingi kwenye mchanga, unafunga kamba, na kwenye kamba unafunga vipande vidogo vya mwani, unauacha kama wiki 6, yaani bamvua tatu, halafu unavuna. Mwani ukikauka unasafirishwa nje, unatolewa kitu cha kugandisha kinachotiwa kwenye dawa ya meno, aiskrimu na vitu kadha wa kadha ambavyo wanaolima wenyewe wengi hawajawahi kuvinunua. Wakulima wengi ni wanawake, na fedha yake pamoja na udogo wake ilibadilisha nyumba, ilisomesha, ilijenga, nimeyaona haya kwa macho yangu kwa shangazi zangu na majirani. Yote hayo kwa ratiba ya mwezi. Wiki ya bamvua kijiji kinahamia pwani, wiki ya maji mafu watu wanashona, wanalima, wanaoza watoto wao.

Pweza naye ana habari yake. Kisiwa Panza, kusini ya Pemba, wamekuwa wakiufunga mwamba kwa miezi mitatu hivi, hakuna kuchokoa, ili pweza wakue, maana pweza anakua haraka sana, miezi michache inatosha kumtoa kwenye kilo nusu mpaka mnyama wa maana. Fikra hii ilishafanywa Madagaska tangu 2004 ikaonekana inalipa. Na kuufungua mwamba maji mafu ni kupoteza muda, mwamba wenyewe hautoki, lazima siku ya kufungua iwe bamvua, kwa hiyo hata uhifadhi wa kisasa unarudi pale pale kwenye kuhesabu mwezi.

Vyombo navyo vinafuata maji. Bandari ya zamani ya Chake Chake iko ndani ya hori, yaani mkono wa bahari, ambalo likikauka linakauka kweli, jahazi linasubiri maji yajae ndiyo liingie, ndiyo maana meli kubwa zinakwenda Mkoani kwenye kina. Bagamoyo enzi zile vyombo vilitia nanga mbali na mahamali wakabeba mizigo kichwani ndani ya maji mpaka nchi kavu. Kaole, jirani yake, mikoko na tope vilijaza bandari mpaka maji yakaacha kufika vizuri na watu wakahama. Ukitaka kukisafisha na kukikalafati chombo huna haja ya mtambo, unakileta na bamvua mpaka juu, unakiegemeza kwa magadi, ile miti ya kukizuia kisilale, maji yakitoka kimekaa pakavu unafanya kazi yako ya kuchoma, kuziba na kupaka, ukichelewa siku zile unangoja bamvua nyengine. Hata Likoni, Mombasa, leo na feri za injini, maji yakipwa sana ule mteremko wa kuingilia unakuwa mkali na magari makubwa yanapata tabu, foleni inarefuka. Na Dar mvua kubwa ikikutana na bamvua iliyojaa, maji ya mto Msimbazi yanakosa pa kutokea haraka. Wanaopanga mji wangeweka tarehe za bamvua ukutani pamoja na utabiri wa mvua.

Kuna hili la sikukuu, na hapa nafurahi kulisema kwa sababu nikimwambia mtu huwa anasimama anahesabu kwa vidole halafu anacheka kwa raha. Kwa vile kalenda ya Kiislamu inafuata mwezi na bahari inafuata mwezi, kila sikukuu ina maji yake. Idi Ndogo ni mwezi mosi Shawwal, mwezi umeandama, kwa hiyo Idi Ndogo siku zote ni bamvua. Kila mwaka. Maji yanajaa kati ya saa 10 na saa 11 za jioni, na ndiyo saa ile ile watoto wa mjini wako Forodhani na nguo mpya wengine wameshazivua wanajirusha baharini, na maji yako pale juu ukutani yanawangoja. Idi Kubwa ni mwezi kumi wa Mfunguo Tatu, yaani Dhulhija, mwezi umepita nusu, kwa hiyo Idi Kubwa siku zote ni maji mafu, bahari imetulia, mwamba hautoki, mchokoaji pweza hana kazi hata angetaka, anakaa nyumbani anakula nyama na watu wake. Nusu ya Ramadhani ni bamvua tena. Mimi naona kuna raha kubwa kwenye kujua hili, kwamba unaweza kuulizwa Idi Ndogo miaka 30 ijayo bahari itakuwaje alasiri na ukajibu bila kufungua chochote.

Simu nazo sizikatai. Programu za maji zimekokotolewa kwa mwezi ule ule na jua lile lile, na zinapatia. Lakini zinakupa saa ya bandari fulani, na zile mita zinahesabiwa kutoka kwenye kipimo cha ramani za baharini, si kutoka kwenye mchanga ulioukanyaga, na hazijui leo upepo ukoje. Kusi, ule upepo wa kusini, likivuma kwa nguvu linaweza kuyasukuma maji yakabaki juu kuliko ilivyoandikwa, na mvuvi aliyesimama ufukweni anaona hilo, simu haioni. Mtu mwenye simu na mwezi kichwani ndiye ninayemuamini.

Na kujua saa za maji ndiko kunakokwambia pia lini maji yamekosea saa. Tarehe 26 Desemba 2004 mwezi ulikuwa mpevu, na mchana ule tsunami kutoka upande wa Indonesia ilifika pwani ya Afrika Mashariki. Somalia ndiyo walioumia zaidi barani kwetu, lakini hata Dar es Salaam watu walikufa baharini. Maji ya kawaida yanachukua masaa 6 kutoka na masaa 6 mengine kurudi, hayana haraka hiyo. Ukiona bahari inatoka kwa dakika, au inatoka saa ambayo ilikuwa ijae, usiende kuokota samaki waliobaki mchangani, ondoka panda juu na waite wenzio. Mtoto aliyefundishwa kuuliza mwezi ngapi atashtuka mapema kuliko asiyejua kitu.

Kinachonisumbua zaidi kwa sasa ni joto. Ile neema ya kupwa saa 4 asubuhi ina upande wake mwengine, maji yanakuwa machache kabisa wakati jua linapanda, yale ya ndani ya mwamba yanachemka, na miezi ya kaskazi ndiyo mbaya. Cottonii, ule mwani wenye bei nzuri, ulianza kufa kwenye maji ya kina kifupi na maeneo mengi ukatoweka, wamebaki na spinosum ambao bei yake ni ndogo, na nao siku hizi unaugua, unaingia mabaka meupe halafu unakatika. Jawabu linalojaribiwa ni kulima kwenye kina kirefu ambako maji yanabaki baridi. Huko mwani unakua, lakini huko hakukauki hata bamvua ya Machi, hakuna kusimama, panataka boti, panataka kuogelea, na wanawake wetu waliokaa umri wao wote baharini wengi hawakufundishwa kuogelea kwa sababu kazi yao ilikuwa pale bahari ilipotoka. Kwa hiyo yeyote anayeleta mradi wa kina kirefu aanze na kuogelea, aanze na maboti yaliyo kwa majina ya wanawake wenyewe, ndiyo kamba na mbegu zifuate. Bila hivyo kazi itahamia kwa wenye maboti, na wenye maboti ni wanaume.